Mrehani wa Kizuka

Siku aliyozikwa Chande, mikeka haijakunjwa bado, Mbeyu alijikuta anawaza mrehani. Si kwamba hakumpenda mumewe. Alimpenda, na alikuwa amemlilia mpaka koo likakwaruza kama lililopigwa msasa. Lakini akili ina ukorofi wake. Unaituma msibani, yenyewe inatoroka kwenda shambani. Aliketi kwenye pembe ya chumba, kanga imemfunika hadi usoni, wanawake wanasoma Yasini, na yeye ndani ya kanga anajiuliza: jua lote hili, nani ameumwagilia?

Mrehani, kwa asiyeujua, una madeko kuliko mke mdogo. Ukiunyima maji kutwa moja, unalala chini na kujifanya maiti. Ukiuzidishia, unaoza miguu. Ukiuacha uchanue, unapata kiburi: majani yanakuwa madogo na machungu, nguvu zote zinakwenda kwenye maua. Kwa hiyo kila asubuhi lazima upitiwe tuta kwa tuta na ncha zidonolewe kwa kucha, ili utoe matawi badala ya mashada. Mbeyu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi hata kidole gumba chake cha kulia kikawa cheusi daima. Chande alikuwa akisema ameoa mwanamke aliyeishiwa na hina baada ya kidole cha kwanza.

Na huu haukuwa mrehani wa kuokota sokoni. Mamake, Bi Kache, aliuleta kutoka Majoreni alipoolewa Msambweni. Shina lake lilikuwa la zambarau, jani dogo lenye meno. Ukilifikicha, kwanza linakupiga karafuu, halafu, ukishaamua kwamba ni karafuu tu, linakuletea ganda la chungwa. Bi Kache alipofariki aliacha bangili, ambazo dada zake Mbeyu waligawana kwa maneno makali, na mrehani, ambao hakuna aliyeutaka. Mbeyu akauchukua. Walimcheka. Bangili ziliuzwa zamani, na waliozinunua huenda nao wameshaziuza.

Mtaa mzima uliutegemea. Mtoto akibanwa na mafua, mamake anakuja na sufuria, anapewa fungu la kumfukizia mvuke. Mzee akijaa gesi anakuja kutaka majani ya kutia kwenye chai, ingawa akifika hasemi gesi, anasema ni "mambo ya tumbo" huku akiangalia pembeni. Bi harusi haingii ndani bila kikuba, kile kishada cha asumini na mrehani ambacho mwanamke hukibana kifuani. Na kikuba kisicho na mrehani wa Mbeyu kilihesabiwa ni majani tu. Kisha ikaja hoteli. Mpishi mmoja wa Diani, Elijah, mtu wa bara, alialikwa harusi Msambweni, akanusa kifua cha mama mmoja kwa mbali, nusura apigwe. "Mama, pole, sina ubaya," alijitetea. "Hiyo basil imetoka wapi?" Tangu siku hiyo kikapu kilikwenda Diani kila asubuhi, na Elijah akampachika Mbeyu jina la Mama Besili. Wageni walikuwa wakitwangiwa mrehani na mafuta na njugu, ukamwagwa juu ya tambi. Mbeyu alionjeshwa siku moja. Akasema kitamu, ila anahisi kama mtu ametafuna dawa ya mafua akasahau kutema.

Chande alikuwa mchimba visima. Kisima cha pale mrehanini, upande wa pili wa barabara kuu, alikichimba mwenyewe wakati ambao hakuwa na kazi, na akakataa kusaidiwa. "Wengine wanawanunulia wake zao dhahabu," alisema kutoka shimoni, udongo kichwani. "Mimi nakununulia maji." Ndoo ya kisima aliitengeneza yeye, mpini wake akaufunga kwa waya na kamba ya buluu.

Sasa mchimbaji amechimbiwa, na ndoo imening'inia peke yake.

"Shoga," mtu alimnong'oneza Mbeyu sikioni, "usiwaze shamba. Mimi nipo."

Alikuwa Hanifa. Hanifa na Mbeyu walikalia mkeka mmoja madrasa, wakachapwa pamoja kwa makosa mamoja, makosa yenyewe yakiwa ya Hanifa. Ukubwani Hanifa alifungua kibanda cha soda kando ya barabara ya Lunga Lunga, chenye friji kubwa iliyovuma kama mtu anayekoroma. Siku moja ya joto Mbeyu aliomba kikapu chake kilale mle. Asubuhi majani yote yalikuwa meusi tititi, kama yaliyochomwa na moto. Elijah aliwafokea kwa simu: besili haiwekwi kwenye friji, baridi inaiua! Walicheka siku nzima, wale wawili. Kitu cha kijani kinachouliwa na baridi na kuungua kama moto, wapi na wapi.

"Nitakuwa nachungulia asubuhi tu," Mbeyu alimjibu. "Namwagilia, nadonoa, narudi. Si mbali."

Hanifa akajishika kifua. "Na eda?"

"Kwani naenda ngomani?"

"Mrehani ni manukato, Mbeyu. Uingie mle, utoke unanukia kama bi harusi, na mchanga wa Chande haujakauka? Watu wana midomo. Watasema alikuwa anaungoja."

Kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni alikuwa ameketi Shangazi Kanze, shangazi yake marehemu, mwanamke mwembamba mwenye sauti pana. Alikohoa. "Mimi nimekaa eda mara mbili," alisema, "na mara zote mbili nilikuwa nakaanga samaki hapo nje, nauza. Kizuka hakatazwi riziki yake, anakatazwa kujipamba. Mwacheni avae baibui lake aende."

"Shangazi yangu, shikamoo," Hanifa alisema kwa heshima iliyotiwa asali. "Lakini hayo ya zamani. Siku hizi dini imesomwa."

"Marahaba. Na sisi wa zamani tulikuwa tunaangalia picha?"

Wanawake walicheka chini kwa chini, msiba ni msiba. Mbeyu naye alitaka kucheka. Hapo ndipo angemsikiliza Shangazi Kanze, mambo yakaisha. Lakini Mbeyu alikuwa na donda lake. Ndugu za Chande walikuwa wamemwita mwanamke wa sokoni tangu alipoanza kupeleka vikapu Diani, na alitaka mara hii wakose la kusema. Alitaka eda ya kupigiwa mfano, eda ambayo vizuka wengine, wajane walio edani, wangetishiwa nayo. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa mlango wa ua wa shamba.

"Donoa kila asubuhi," alimwambia Hanifa. "Usiache uchanue. Pale pembeni tu, kwa ajili ya vikuba."

"Najua, shoga. Nimekuona mara ngapi?"

"Na Elijah nitampigia nimwambie ni wewe utakayepeleka."

"Wewe! Kizuka kuzungumza na mwanamume kwa simu?" Hanifa alimpokonya simu taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu. "Nitazungumza naye mimi." Akanakili namba, akamrudishia simu.

Ikawa hivyo. Mbeyu akaingia ndani kukaa eda.

Hanifa hakukosa. Kila alasiri hodi yake ilisikika, na kila alipoingia alinuka sabuni ya kipande, sabuni tupu, ile ya kufulia.

"Nimetoka kwenye mrehani wako nikaoga kabisa," alisema siku ya kwanza, "kichwa mpaka kisigino. Siwezi kukuletea manukato na wewe uko eda. Nina adabu zangu."

Mbeyu aliguswa mpaka akalia. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole alisimuliwa: shoga yangu anaoga kwa ajili yangu! Wageni walisema mashaallah, mashoga kama hao hawapatikani tena.

"Mimi nilidhani anaoga kwa ajili ya kwapa," alisema Shangazi Kanze.

Mwanzoni habari zilikuwa njema. Mrehani umestawi, Elijah anakusalimu, maji ya kisima matamu. Mbeyu alikuwa akifumba macho na kuuliza kama anayeuliza habari za mtoto aliye bwenini. Lile tuta la karibu na kisima? Limejaa. Shina bado zambarau? Zambarau tena ya kung'aa. Usiku hakuwa na Chande, lakini asubuhi alikuwa na hilo la kumwamsha: kule ng'ambo ya barabara kuna kitu chake kinakunywa maji.

Halafu Hanifa akaanza kuja na uso mrefu. Majani yamepata madoa. Madoa yameenea. Kuna ukungu, shoga, ukungu wa ajabu, unauona kwa chini ya jani kama vumbi la kijivu.

"Punguza maji," Mbeyu alisema. "Kata yaliyougua. Usimwagilie jioni."

"Nimefanya yote."

"Basi nitamwita Fauzia aje kutoka Ukunda akuangalilie." Fauzia alikuwa mtoto wa dada yake, msusi, mtu mzima mwenye mambo yake.

"Hapana, usimsumbue," Hanifa alisema haraka. "Nitakuonyesha mwenyewe."

Kesho yake alikuja na kikopo cha biskuti, kile cha plastiki kinachoonyesha ndani, kifuniko kimezungushiwa utepe wa gundi mara kadhaa. Ndani majani yalikuwa meusi tititi, yamelaliana kama waliozama.

Mbeyu alinyoosha mkono kufungua.

"Usifungue! Harufu!" Hanifa alikishika kikopo kwa mikono miwili. "Eda yako hii, imebaki kidogo. Utaiharibu kwa ajili ya majani yaliyokufa?"

Na Mbeyu, kizuka wa kupigiwa mfano, aliurudisha mkono. Aliangalia kwa macho tu. Macho yake, ambayo yangetambua jani lenye kiu kutoka barabarani, siku hiyo yalikuwa yamejaa maji.

"Nimeung'oa wote," Hanifa alisema. "Nimeuchoma pale pale, usije ukaenda kwa majirani. Nimelia, Mbeyu, nimelia peke yangu kisimani." Na akalia tena.

Mbeyu ndiye aliyemkumbatia. Alimpigapiga mgongoni, akamwambia mapenzi ya Mungu, umefanya ulichoweza, usijilaumu. Pua yake ilikuwa shingoni mwa Hanifa, na shingo ilinuka sabuni tupu. Akazidi kumpenda. Hata leo, siku mrehani wenyewe umekufa, mwanamke huyu amekumbuka kuoga.

Hanifa akaondoka na kikopo, anakwenda kukitupa, alisema.

Tangu hapo Mbeyu hakuwa na cha kumwamsha asubuhi. Alilala akiangalia dari. Mamake amekwenda, Chande amekwenda, na ile harufu ambayo ilikuwa ndiyo mamake, nayo imekwenda. Jambo moja lilimtesa kuliko mengine: alikuwa ameanza kuisahau. Alijaribu kuikumbuka kwa mpangilio wake, karafuu kwanza, halafu chungwa, akapata maneno tu.

Siku ya kutoka eda, Shangazi Kanze ndiye aliyeongoza. Walimwogesha, wakamvika leso mpya, wakamfukiza udi mpaka nyumba nzima ikawa kama imeingia wingu. Hanifa hakuwapo. Alituma salamu kwamba amefiwa na jamaa yake Kibuyuni. Mbeyu alimsikitikia, akasema kesho atakwenda kumpa pole, mtu wa kwanza kumtembelea awe yeye.

Fauzia alifika amechelewa, jasho linamtoka, amebeba kitu kwenye kipande cha jani la mgomba. "Shikamoo, mama mdogo. Nimekuletea cha kifuani. Huwezi kutoka eda mtupu mtupu."

Kilikuwa kikuba, kinono, asumini nyeupe na katikati mashada marefu ya mrehani. Fauzia alikibana kwenye leso ya Mbeyu, upande wa moyo. Mbeyu akainamisha kichwa kwa heshima tu, kunusa kitu ambacho hakikuwa na cha kumwambia.

Karafuu.

Alishikilia pumzi. Akangoja, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe, na mlango ukafunguliwa: ganda la chungwa.

Kwa muda mfupi alifurahi kuliko alivyopata kufurahi maishani mwake. Alicheka kwa sauti. Umepona! Mahali fulani shina moja limebaki, Mungu amelificha! Aliukamata mkono wa Fauzia. "Umeutoa wapi? Kisimani? Umechipua?"

"Kisimani wapi tena? Kwa Hanifa," alisema Fauzia. "Si ana shamba zima kule Ukunda, nyuma ya nyumba ya kaka yake, Boga. Vikuba vyote vya Ukunda vinatoka pale. Mimi nilidhani mmeungana."

Shangazi Kanze alikuwa akipepea chetezo cha udi. Mkono wake ulisimama.

"Tangu lini?" Mbeyu aliuliza.

"Ee, muda sasa. Kabla ya Idi."

Kabla ya Idi. Kabla ya madoa, kabla ya ukungu. Mbeyu alivaa ndara akatoka, mwanamke aliyetoka eda na leso mpya na udi, akavuka barabara kuu bila kuangalia kushoto wala kulia.

Mlango wa ua ulikuwa wazi. Ndani, matuta yalikuwa tupu. Alipiga magoti. Penye mrehani kulikuwa na vishimo vya duara, safi, vimekatwa kwa panga pande zote, kama mtu anavyokata anapotaka kuung'oa mche pamoja na udongo wake usishtuke. Mgonjwa hang'olewi hivyo. Alitafuta jivu. Akazunguka ua wote akitafuta jivu, akitamani alione, maana jivu lingekuwa ushahidi kwamba shogake ni mkweli. Hapakuwa na jivu. Hata ndoo haikuwapo. Kamba ya buluu ilikuwa imekatwa pale juu, ikabaki kipande kama mkia wa mjusi.

Hapo ndipo majani ya kwenye kikopo yalipomrudia. Meusi sawasawa, hayana vumbi la kijivu, hayana madoa. Friji. Ile friji iliyovuma. Walicheka siku nzima, wale wawili.

Alimpigia Elijah palepale, amekaa ukingoni mwa kisima.

"Mama Besili!" sauti ya Elijah ilijaa kelele za sufuria. "Pole sana na msiba. Si nilisikia umeretire? Hanifa alisema uliapa hutashika basil tena."

"Mzigo uliwahi kukosekana, Elijah? Wakati wowote?"

"Zii, hata siku moja. Uko fiti tu. Ila siku hizi unakuja na maua, majani yanakuwa chungu, nimemwambia mpaka nimechoka. Kwani kuna shida?"

"Hakuna shida," Mbeyu alisema. "Nilikuwa nauliza hali."

Nyuma ya nyumba ya Boga, Ukunda, kulikuwa na uwanja uliozungushiwa mabati. Harufu ilimpokea Mbeyu kabla hajafika. Mrehani wa Bi Kache ulikuwa umesimama safu kwa safu, wa zambarau, mnene, umechanua kila mahali kama umealikwa harusi. Hanifa alipenda mavuno. Kazi ya kucha hakuipenda. Alikuwa ameinama katikati akimwagilia, na ndoo ilikuwa ya Chande.

"Assalamu alaykum," Mbeyu alisema.

Hanifa hakugeuka mara moja. Alimalizia mche aliokuwa akiumwagilia. "Waalaykumu ssalamu. Umetoka eda salama?"

"Salama. Msiba wa Kibuyuni umekwishaje?"

Hanifa aliinamia mche mwingine.

"Nimekuja kukupa pole," Mbeyu aliendelea. "Marehemu alikuwa nani? Nijue nimwombee dua kwa jina."

"Usinichezee, Mbeyu."

"Sikuchezei. Na huu ukungu naona umepona. Ulihamishiwa Ukunda kubadilisha hewa?"

Hanifa aliweka ndoo chini. Uso wake ulikuwa unatafuta pa kwenda. Kwanza ulitafuta uongo, ukaona umechelewa, ukaacha. "Ulikuwa umekaa ndani," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naamka. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka Diani. Siku moja nikafika kule, wananiita Mama Besili. Mimi! Nikasema, basi, mara moja na mimi."

"Ungeniomba mche ningekupa."

"Najua ungenipa."

"Ningekupa na mbolea juu. Ningekuja kukupandia."

"Najua!" Hanifa alipiga kelele, kuku wa Boga wakatawanyika. "Ndiyo maana sikuomba! Maisha yangu yote ni kupewa na Mbeyu. Leso ya Idi, Mbeyu. Karo ya mtoto imepungua, Mbeyu. Mumeo alinichimbia choo bure. Bure! Unajua inakuwaje mtu akikuchimbia choo bure? Kila ukienda haja unashukuru. Nimechoka kushukuru."

Mbeyu alitaka kucheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha, na wakati mwingine wowote wangelicheka pamoja mpaka wakashikana mbavu. Kicheko kilifika kooni kikakuta hakuna wa kucheka naye.

"Basi ungeiba tu," alisema pole pole. "Ungeiba mrehani ukaniambia usoni, ningekutukana, tukanuniana mwaka mzima, ningekusamehe. Lakini wewe ulichukua eda ya mume wangu ukaifanya kufuli. Ukaja kila siku kuniangalia ninavyolia, umeoga. Na mimi nikawa nawaambia watu nina shoga mwenye adabu."

Hanifa alifuta mikono kwenye leso. Mikono ilikuwa inanuka, karafuu na chungwa, hadi pale aliposimama Mbeyu. "Chukua miche," alisema kwa sauti ndogo. Akaokota panga. "Chukua nusu. Chukua kiasi utakacho, nakupa."

"Unanipa?"

Hanifa alilishusha panga. Nadhani hata yeye alilisikia neno lilivyotoka.

Mbeyu aliinama akaishika ndoo. Ilikuwa na maji nusu. Safu ya mwisho ilikuwa haijanywa. Majani yake yalikuwa yameanza kulala, yanajifanya maiti. Akatembea nayo mpaka mwisho wa safu akamwaga maji yote pale, shina kwa shina, bila haraka, kwa sababu mrehani haukuwa na kosa. Kisha akaondoka na ndoo tupu.

Nyumbani alikibandua kikuba kifuani ili akitupe. Asumini ilikuwa imeshaanza kuwa kahawia.

"Lete hapa," alisema Shangazi Kanze.

"Wa nini, shangazi? Sitaki hata kuunusa."

"Sikuambii uunuse. Lete." Bibi aliyashika yale mashada marefu ya mrehani, yale yaliyoachwa yakachanua kwa uvivu, akayageuza karibu na dirisha. Juu kulikuwa na maua bado. Chini, kwenye vikombe vya kwanza, maua yalikuwa yameshapukutika na vikombe vimekauka. Akafikicha kimoja kwa vidole juu ya sahani nyeupe. Vikadondoka vitu vidogo vyeusi, vya kudharauliwa, kama uchafu wa chini ya kucha.

"Angekuwa mkulima," alisema, "angedonoa, na wewe ungekuwa mikono mitupu. Haya, lia, ukimaliza uzoe udongo."

Mbeyu alilia kwanza. Kisha akazoa udongo, akautia kwenye sufuria iliyotoboka, akazimwaga zile mbegu juu bila kuzifukia sana, maana zinataka kuona mwanga. Ndoo ya Chande ikarudi kisimani na kamba mpya. Wengine walimshauri ampeleke Hanifa kwa mzee wa mtaa. Akasema atampeleka akidai nini, harufu? Ndugu za Chande, kwa haki yao, walisifu eda yake. Walisema haijapata kuonekana eda kama ile. Aliwashukuru.

Mvua za vuli zilipoisha, tuta la karibu na kisima lilikuwa zambarau tena. Tuta moja tu, lakini watoto wenye mafua hawakuhitaji zaidi, na Elijah alikuwa amesema akiwa tayari ampigie. Alikuwa hajampigia. Kila akitaka kupiga alikumbuka ile mikono iliyonyang'anya simu taratibu, akaghairi mpaka kesho.

Asubuhi moja alikuwa ameinama anadonoa ncha, kidole gumba kimeanza kuwa cheusi. Upepo uligeuka kutoka upande wa mlango. Harufu ya sabuni ya kipande ilifika kabla ya hodi.

"Hodi," sauti ilisema nje ya ua. "Mbeyu? Hodi, shoga. Ni mimi."

Mbeyu hakuinuka. Alishika ncha ya mche uliokuwa mbele yake, ukucha juu ya shina laini, akabaki hivyo, hadonoi wala haachii.

"Najua uko ndani. Nasikia mrehani."

Ikabishwa hodi ya tatu, kama desturi inavyotaka. Baada ya ya tatu, anayebisha huondoka. Nyayo ziligeuka, zikasita, zikaenda. Sabuni ilikawia kidogo hewani, kisha karafuu ikaifunika, na baada ya karafuu, chungwa. Mbeyu akadonoa.